Vidonge Vyekundu vya Tabibu Trimbakrao

Afisa wa dawa alipoingia zahanati kuomba vidonge vya kwenda kupimwa, Tabibu Trimbakrao alivitoa kwa heshima zote, kama mtu anayepeleka posa. Jikoni, nyuma ya pazia, mkewe Satyabhama alikuwa ametia mbegu za haradali kwenye mafuta ya moto. Mbegu zikaruka, zikapasuka, zikaungua, naye bado kasimama na mwiko mkononi, masikio yote mawili yako sebuleni.

"Chukua, binti, chukua hata kopo zima," mumewe alikuwa akisema. "Mwenye dhahabu haogopi sonara."

Afisa huyo alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, jina lake Revati Dhamale. Alikuja kwa basi la asubuhi kutoka Pune, na mvua ya mji wa Wai, ambayo haina adabu kwa mgeni, ilikuwa imemlowesha mpaka kwenye kope. Alieleza shida yake bila kupandisha sauti. Mzee mmoja huko Mumbai amelazwa, figo zimechoka, wamempima na kukuta zebaki katika damu. Nyumbani kwake wamekuta vidonge vyekundu visivyo na jina. Kwa vile hakuna ajuaye vilitoka kwa tabibu gani, kila tabibu atumiaye zebaki sasa anapimiwa dawa zake.

"Vyangu vina jina," alisema Tabibu, akauinua uso ili benchi zima la wagonjwa limsikie. "Na zebaki imo! Imeandikwa kwenye kopo kwa herufi ambazo hata mbuzi angezisoma. Imeoshwa kwa kitunguu saumu na ndimu, imesagwa pamoja na kiberiti upele, imepikwa ndani ya chupa juu ya mchanga wa moto mpaka ikageuka nyekundu. Zebaki mbichi ni nyoka, binti yangu. Iliyopikwa ni nyoka aliyeng'olewa meno."

"Nitazame mimi, dada!" alidakia Ranoji Ghorpade, mwanamieleka mstaafu, masikio yamevimba kama maandazi kwa miaka ya kukabwa shingo. Alijipiga paja, benchi likatikisika. "Nilikuja hapa natembea kama kaa. Magoti yananilia, tumbo limejaa upepo. Nimevinywa vidonge hivi, sasa nipe fahali nimlaze chini. Hiyo ndiyo zebaki ya Trimbakrao! Andika hilo."

Revati hakuliandika. Alifunga vidonge kwenye mfuko, akaupiga lakiri, akaomba mahali pa kukamulia mtandio wake.

Huko jikoni Satyabhama alimkalisha karibu na jiko, akampa chai ya tangawizi. Alimwacha anywe nusu kikombe, kisha akasema kama mtu anayeuliza bei ya bilinganya, "Mwanangu, nikuulize la kijinga?"

"Uliza tu, mama."

"Lipi baya zaidi, zebaki ikizidi, au ikikosekana?"

Revati akacheka. "Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Ikizidi, au ikiwa bado mbichi, tunafunga zahanati, maana watu wataharibika figo na mishipa ya fahamu."

"Na ikikosekana?"

"Ikikosekana, na kopo linasema imo? Huo ni utapeli, mama. Tunafunga vilevile. Tena hapo mji mzima unacheka."

Satyabhama alimwongezea chai mpaka ikafurika kwenye kisahani.

Kwa maana vidonge vile havikuwa na zebaki. Vilikuwa na tangawizi kavu, pilipili manga, sukari guru, na ngeu safi, udongo wa kuvipa wekundu. Alijua, kwa sababu ndiye aliyevisaga, akaviviringa, akavianika juani. Mumewe hakujua. Mumewe alikuwa akimeza kimoja kila asubuhi kwa asali, akikunja uso kwa ukali wa dawa, na kusema, "Tabibu asiyekunywa dawa yake ni mpishi asiyeonja mchuzi."

Jambo lenyewe lilianzia kwenye magoti ya Trimbakrao na kwenye televisheni. Marehemu baba yake alikuwa akikaa mbele ya kinu cha jiwe wiki nzima akisaga zebaki na kiberiti upele, mchi haupumziki, mpaka unga mweusi usiwe na nyota hata moja inayometa ndani yake. Mwana alirithi kinu, akarithi jina, lakini uvumilivu alizikwa nao mzee. Alisaga wakati wa matangazo ya biashara, akilalamikia magoti. Mechi ya kriketi ikirudi, mchi ulisimama. "Imetosha hiyo," angesema, akaipeleka motoni.

Ndipo akaja Vithu, fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwenye ukurutu mgongoni. Alikunywa vidonge vyekundu, na baada ya muda ufizi wake ukavimba, mate yakawa yanamtiririka kama mtoto anayeota meno, na mikono ikamtetemeka hata akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Alipolalamika, Tabibu alimpiga bega. "Ugonjwa unatoka huo, Vithu. Unaaga."

Satyabhama hakupenda namna ugonjwa ule ulivyokuwa unaaga. Siku hiyohiyo alichukua chembe ya unga mwekundu, akautazama kwenye jua la dirishani, akaona nyota. Akautia matone ya maji, akausugua kwenye pete yake ya ndoa. Dhahabu ikageuka nyeupe kama imechovywa maziwa. Alikuwa amemsikia baba mkwe, Mungu amrehemu, akisema mara nyingi kwamba zebaki iliyopikika haigusi dhahabu, na isiyopikika huila.

Akampelekea mumewe kidole. "Baba Gauri, tazama dawa yako ilivyofanya."

Trimbakrao aliitazama pete, akamtazama mke, kisha akatoa kauli ambayo angeijutia kama angejua inakwenda wapi. "Dawa yangu haina neno, Mama Gauri. Baba yako ndiye aliyetupa dhahabu ya bandia."

Satyabhama alitia miguu kwenye viatu, akaenda kwa sonara karibu na ngazi za mto. Sonara aliipasha pete moto uani, amejiziba pua, rangi ikarudi ya manjano tupu. "Dhahabu yako safi, shangazi," alisema. "Ila imekunywa zebaki. Umeshika nini?"

Aliporudi na habari hiyo, mumewe aliendelea kutazama mechi. "Sonara amekuonea huruma," alisema.

Basi akajisemea moyoni: kama baba yangu ni tapeli wa dhahabu, na binti yake awe tapeli wa vidonge.

Ilikuwa rahisi kuliko kupika dengu. Trimbakrao alipika unga wake mara moja kwa mwaka, kisha kazi ya kutengeneza vidonge akamwachia mke, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile. Satyabhama aliuhamishia unga wote kwenye magudulia ya achari, akayafunga kwa nta, akayapanga chini ya ngazi, maana hakuthubutu kuutupa mtoni wala kuuzika kwenye bustani. Shida ilikuwa moja tu. Mumewe, akiwa amekaa na wagonjwa sebuleni, alipenda kusikia mlio wa kinu cha babu zake. Kikinyamaza, angeita, "Mama Gauri, mbona kimya?" Hivyo pilipili na tangawizi zake alizisaga mle mle, kwa kishindo, na Tabibu akawaambia wagonjwa, "Mnasikia? Hiyo ndiyo sauti ya uzima."

Satyabhama alimwambia Vithu kwamba Tabibu ameagiza afunge, asile wala kunywa kitu chochote chekundu mpaka sikukuu ya Diwali, naye Vithu, mtu mtiifu, akaacha hata nyanya. Mate yakakoma, ufizi ukapungua. Mikono ilichukua muda mrefu zaidi. Wengine nao walipona, au walijisikia wamepona. Ranoji akaanza kuzungumzia mafahali. Na Satyabhama, wakati wa kukuna nazi au kuchambua mchele, alikuwa akicheka peke yake mpaka majirani wakadhani ana habari njema kutoka kwa binti yake Gauri aliyeolewa Nagpur.

Sasa kicheko kilikuwa kimekwisha.

Jaribio lake la kwanza la kuinusuru zahanati lilikuwa ndoto. Asubuhi moja, akimwekea mumewe mkate wa mtama na chatne ya kitunguu saumu, alishusha pumzi ndefu.

"Nimemwota marehemu baba yako."

"Ehe?"

"Amekaa pale kwenye kiti chake, uso mzito. Ananiambia, mwambie mwanangu aifute zebaki kwenye makopo. Zama zake zimepita."

Trimbakrao alitafuna kwa utulivu. "Amekuambia wewe?"

"Mimi."

"Baba yangu aliishi nawe humu ndani miaka kumi na minne. Alikuambia nini muda huo wote zaidi ya 'chumvi imezidi'?"

Satyabhama akafikiri. "Alinipa pole nilipoanguka ngazini."

"Basi. Hawezi kufa ndipo aanze maongezi. Akija tena, mwambie ashuke kwangu, kitanda kiko hapo hapo karibu."

Ndoto ikafia hapo. Siku zilizofuata alijaribu kumshawishi abadilishe maandishi ya makopo kwa sababu rangi imepitwa na wakati. Akajaribu kumshawishi waende kuhiji Pandharpur na kufunga zahanati mwezi mzima. Trimbakrao alikataa yote, na jinsi siku zilivyokwenda ndivyo majivuno yake yalivyonenepa. Aliwatangazia wauza manjano sokoni kwamba serikali imeomba dawa yake ili ikaisome. Aliwaalika watu wa mtaa waje kusikia majibu. Ranoji aliahidi kuleta mpiga ngoma.

Simu ya Revati ilipokuja kusema atafika Alhamisi, Satyabhama aliona njia zote zimeziba. Alisubiri wagonjwa watoke kwa chakula cha mchana, akafunga mlango wa mbele, akavuta gudulia moja kutoka chini ya ngazi na kuliweka mezani mbele ya mumewe.

"Achari ya nini?" aliuliza Trimbakrao, mkono tayari kwenye kifuniko.

"Usifungue. Huo ni unga wako. Wa mwaka jana. Wa mwaka juzi uko kwenye lile la bluu."

Alimweleza yote, kuanzia pete mpaka sukari guru. Hakulia wala hakupiga magoti. Alieleza kama mtu anayetoa maelekezo ya mapishi. Trimbakrao alisikiliza mdomo wazi. Alipomaliza, mumewe hakuuliza kuhusu sheria wala afisa.

"Ranoji," alisema kwa sauti ndogo. "Yule Ranoji, aliyekuwa anatembea kama kaa. Ni pilipili manga?"

"Na tangawizi."

"Yule mwalimu wa Panchgani, wa kikohozi?"

"Pilipili manga ni nzuri kwa kikohozi."

"Yule mama aliyekuwa hapati usingizi!"

"Yule ulimsikiliza, Baba Gauri. Ulikaa naye mpaka chai ikapoa mara mbili, akakusimulia mambo yote ya mkwewe. Alianza kusinzia hapo hapo kwenye benchi kabla hujampa hata kidonge."

Hilo alilisema kama faraja, na lilikuwa kweli, lakini lilimchoma mumewe kuliko mengine yote. Alisimama, akavaa kofia, akaenda kula hotelini.

Tangu hapo hakusema naye. Au alisema naye kwa kupitia viumbe wengine. "Paka," angesema, "mwambie mwenye nyumba kwamba maji ya kuoga yamepoa." Satyabhama naye angejibu, "Paka, mwambie bwana mkubwa kwamba mikono anayo." Kwa chakula cha hoteli tumbo la Tabibu liliharibika upesi, akawa anakwenda uani na kurudi. Siku ya pili alisimama mlango wa jikoni, uso umegeukia ukutani.

"Paka," alisema kwa unyonge, "muulize kama kuna vile vya tangawizi."

Satyabhama alimpa viwili kwa maji ya moto. Tumbo likatulia. Hasira haikutulia, lakini ilikaa chini.

Alhamisi benchi lilijaa, ukumbi ukajaa, na wengine wakasimama barazani chini ya miavuli. Mpiga ngoma alikuwa amekuja kweli. Revati alifika amelowa kama kawaida, akashangaa kuona umati.

"Tabibu, pengine tuzungumze faragha?"

"Hapana, binti," alisema Trimbakrao. Alikuwa amevaa dhoti nyeupe iliyopigwa pasi na amechana nywele kwa mafuta. Satyabhama, nyuma ya pazia, alimwona akimeza mate. Alidhani sasa atatajwa. Alijikaza, akafunga vizuri pindo la sari kiunoni, tayari kutoka.

"Kabla hujasema neno, niseme mimi," Trimbakrao akaanza. "Ndugu zangu, afisa amekuja kuwaambia kwamba vidonge vyangu havina zebaki hata chembe. Ni kweli. Ni viungo vya jikoni. Zebaki yangu haikupikika vizuri, kwa uvivu wangu, na niliogopa kuwadhuru, kwa hiyo nikaiondoa nisiwaambie. Niliwaficha kwa sababu ya majivuno. Kosa ni langu peke yangu."

Hata mvua ilionekana kusikiliza. Satyabhama alisita nyuma ya pazia. Miaka yote ile ya ndoa hakuwahi kumsikia mtu huyu akikubali kwamba amefunga mlango vibaya, seuze hili. Na sasa alikuwa amejitwisha mzigo wote, hata ule usio wake.

Revati alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Lakini Tabibu," alisema, "zebaki imo."

"Haiwezekani!" ilisikika sauti kutoka jikoni. Pazia likafunguka na Satyabhama akatokea, mwiko mkononi. "Haiwezekani hata kidogo! Nimesaga kwa mikono yangu miwili! Tangawizi, pilipili manga, sukari guru, ngeu! Nani kaiweka?"

Vichwa vyote vikamgeukia. Kisha vikamgeukia Trimbakrao. Kisha vikarudi kwake. Ndipo Satyabhama akatambua alichokifanya, akateremsha mwiko polepole.

"Shemeji!" alisema Ranoji kwa mshangao mkubwa. "Kumbe ni wewe!"

Trimbakrao alijishika paji la uso. "Nakuficha mvunguni, wewe unakohoa," alisema. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza kwa mkewe bila kupitia kwa paka.

Revati alisubiri kelele zipungue. Alieleza kwamba zebaki iliyokutwa ni kidogo mno kuliko inavyodai kopo, ndogo hata maabara wakapima upya wakidhani wamekosea. Lakini ni ndogo tu kwa siku moja. Kwa mtu anayemeza kila asubuhi mwaka hadi mwaka, si kitu cha kudharau. Alimgeukia Satyabhama.

"Mama, ulisagia kwenye nini?"

Satyabhama aligeuka nyuma. Kinu kilikuwa pale pale pembeni ya mlango wa jikoni, cheusi, kimezama katikati kwa kusagiwa na mababu, kila tundu lake dogo limeshiba. Kizazi baada ya kizazi jiwe lile lilikuwa limenywa zebaki, na yeye, kwa kishindo kizuri cha kumfurahisha mume, alikuwa akiikwangua kidogo kidogo na kuitia kwenye pilipili. Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa amewacheka wote, kumbe na jiwe lilikuwa linamcheka yeye.

Aliketi chini, pale pale sakafuni. Hakukuwa na utani usoni mwake hata kidogo.

"Fundi Vithu," alisema. "Nilimwachisha vidonge. Lakini hawa wengine wote niliwapa mwenyewe."

Trimbakrao alikuja akachuchumaa kando yake, magoti yakilia. Watu walidhani atamlaumu. Alimwambia kwa sauti ya chini, "Umewapa tone. Mimi nilikuwa ninawapa kijiko. Inuka, Mama Gauri, mgeni hajapata chai."

Mpiga ngoma aliuliza kama apige au arudi nyumbani. Aliambiwa arudi nyumbani.

Yaliyofuata hayakuwa ya kuchekesha sana. Revati alifunga zahanati kwa muda, akapiga lakiri kwenye makopo na magudulia. Alitaka orodha ya wagonjwa. Haikuwapo, Tabibu aliwajua wote kwa sura na kwa haja kubwa. Kwa hiyo Satyabhama na mumewe walizunguka Wai nyumba kwa nyumba chini ya mwavuli mmoja, wakiwaomba watu waende kupimwa hospitali ya serikali. Nyumba nyingine walipewa maji ya kunywa, nyingine walipewa maneno. Walipopanda mpaka Panchgani, yule mwalimu aliwafungia mlango. Vithu, ambaye alikuwa na haki kuliko wote, aliwakaribisha ndani, akawaonyesha jinsi anavyoweza sasa kutunga uzi kwa jaribio la tatu au la nne, na hilo liliwaumiza kuliko matusi.

Wengi walikutwa salama. Wachache waliambiwa warudi kupimwa tena. Aliyekutwa na zebaki nyingi kuliko wote alikuwa Tabibu mwenyewe, aliyevuta moshi wa chupa zake tangu ujana. Daktari alipomwomba anyooshe mikono, Satyabhama aliona mkono wa kushoto unatetemeka, na akaelewa kwa nini mwaka mzima mumewe alikuwa akiuweka mfukoni hata akiwa anakula.

"Mbona hukuniambia?" alimuuliza njiani.

"Ungesema ni zebaki."

"Ningesema ni zebaki."

"Basi ndiyo maana."

Kinu kilichukuliwa na gari la serikali, kwenda kufukiwa wanakofukia sumu. Wanaume wawili walikibeba. Trimbakrao aliomba dakika moja, akakipaka manjano na kukitupia punje za mchele, kama bibi harusi anayetoka kwa wazazi wake, na gari lilipoondoka alisimama barazani muda mrefu akijifanya anatazama mawingu.

Zahanati ilifunguliwa tena baada ya sikukuu ya Ganpati, kwa masharti. Hakuna zebaki, hakuna chupa juu ya mchanga, na kila kilichomo kwenye kidonge kiandikwe. Kinu kipya kilikuwa cha chuma cha pua, na mlio wake ulikuwa kama kijiko kwenye bilauri. Satyabhama sasa alikaa sebuleni pia, kwenye kiti cha pili, na wanawake wengi walipendelea kueleza matumbo yao kwake. Kopo lilisema wazi: tangawizi kavu, pilipili manga, sukari guru, ngeu. Wagonjwa walilisoma, wakaguna, na baadhi yao wakavuka daraja kumtafuta tabibu mwingine mwenye siri zaidi.

Wiki ya kwanza alikuja Ranoji. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akavuta kiti karibu na meza mpaka pua zao zikakaribia kugusana.

"Trimbakrao. Sisi ni watu wa siku nyingi."

"Ndiyo, Ranoji."

"Magoti yamerudi kulia. Nataka vile vya zamani."

"Ndivyo hivi. Ni vilevile. Tangawizi na pilipili manga."

Ranoji alitazama kopo, akatazama dari, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Naam. Tangawizi."

"Na pilipili manga. Nakuapia, ndugu yangu, ulivyokuwa unamlaza fahali ni kwa pilipili manga."

"Nimekuelewa. Kuta zina masikio." Akakonyeza jicho.

"Usinikonyeze! Nasema kweli. Ile zebaki ya kwenye jiwe nayo haimo tena. Hamna kitu humu!"

"Hamna kitu," Ranoji aliitikia kwa sauti kubwa, akigeukia barazani ili kila mpita njia asikie. "Tabibu amesema hamna kitu!" Kisha akainama tena na kunong'ona, "Nipe makopo mawili ya hicho kisichokuwamo."

Trimbakrao alimgeukia mkewe kuomba msaada. Satyabhama alikuwa amejifunika uso kwa pindo la sari, mabega yanamtikisika.

"Mama Gauri, mwambie wewe. Wewe ndiye uliyevipika."

"Shemeji Ranoji," alisema Satyabhama alipoweza kusema, machozi yakimtoka kwa kicheko, "mume wangu hajawahi kukudanganya kama anavyokuambia ukweli leo."

Ranoji aliyapima maneno hayo, akayaona yana uzito wa siri kubwa. Alitia makopo chini ya shati, akawaaga wote wawili kwa heshima, akashuka ngazi za baraza haraka haraka, hata mguu uliokuwa ukimuuma aliusahau.